Jina Walilomwandikia Honorable

Aliyeiona kwanza ni Mama Laure, na hilo ndilo lililomchoma Olga kuliko mengine yote. Angeiona mtu mwingine, mteja wa fotokopi au mwalimu aliyeleta mitihani kuchapwa, Olga angetukana kidogo, angezima mashine, yangeisha. Lakini ilikuwa Jumanne, na Jumanne ni siku ya Mama Laure.

Jina lake la ubatizo ni Marie-Jeanne, mkulima wa mihogo wa Luvungi. Kila Jumanne alipanda pikipiki alfajiri, akashuka Uvira, mtaa wa Kimanga, mbele ya chumba kilichoandikwa SECRETARIAT kwa rangi nyekundu, akapangusa vumbi miguuni, akaingia. Olga alikuwa mpiga chapa: barua za kuomba kazi, mialiko ya arusi, mitihani ya shule. Kazi hizo zilifanywa kwenye mashine ya kwanza. Mashine ya pili, ile ya pembeni, haikuwa ya biashara. Ilikuwa ya watu wanaotafuta watu.

Kila mmoja huku anakumbuka ilivyokuwa. Risasi zilipoteremka uwandani, watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi na walichoweza kubeba, wengine wakapanda mashua za injini hadi Tanzania, na katika mbio hizo mkono wa mtoto ukamponyoka mama yake, mume akapanda lori hili na mke lile. Parokiani kikaundwa chama. Chama kikafungua ukurasa kwenye intaneti, ukaitwa Tukowazima, neno moja, na mwishoni nukta na zile herufi mbili za nchi. Ndani yake kulikuwa na majina tu: fulani anamtafuta fulani. Ukiona jina lako, unaandika ujumbe, Olga anakuuliza maswali mawili matatu ambayo mtu wa nje hawezi kuyajibu, kisha anakupa namba ya simu ya jamaa yako. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wamepatana kwa njia hiyo.

Katika kambi za wakimbizi wenye simu ni wachache, na anayeazima haazimi kwa muda mrefu. Kwa hiyo anwani ilichapwa kwenye vipande vya karatasi ngumu, wanawake wa biashara wakavibeba pamoja na vitenge vyao, wakavigawa kila walikofika. Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, mmoja wao, Josée, alikuwa amemwona msichana wa miaka kama kumi na sita akipandishwa lori la kuhamishwa kambi. Alikuwa na kovu la moto shingoni, upande wa kushoto. Josée hakuwahi hata kumwuliza jina. Alimtupia kipande cha karatasi, lori likaondoka. Na Laure wa Mama Laure alipopotea, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa na kovu la moto shingoni, upande wa kushoto.

Tangu siku ile mama huyo aliishi kwa ajili ya mashine ya pembeni. Alikuwa amejifunza kuandika anwani mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja chenye udongo ndani ya ukucha, na hakutaka kusaidiwa.

Basi aliandika, akabonyeza, akangoja. Kisha akarudisha mikono yake mapajani upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mama Olga," alisema kwa sauti ya chini, "unisamehe. Nimeharibisha mashine."

Olga alisogea. Kwenye kioo palikuwa na mwanamke nusu uchi, matiti yanamwagika, anakonyeza jicho huku sarafu za dhahabu zikimnyeshea. CHEZA SASA. SHINDA LEO. Chini yake mpira wa miguu ulirukaruka bila kuchoka.

"Haukuharibisha kitu. Andika tena."

Aliandika tena, polepole zaidi, akiitamka kila herufi kwa midomo. Mwanamke akarudi, akakonyeza. Mara ya tatu Mama Laure alijifuta kidole kwenye kitenge kwanza, akidhani labda ni ule udongo. Mwanamke akarudi.

"Ni makosa yangu minye," mama alisema. "Sikusoma sana, si unajua."

Mama huyu alikuwa amepoteza mtoto, amepoteza nyumba, amekaa miaka mitatu bila kumlaumu mtu, na sasa anaomba radhi mbele ya matiti ya wacheza kamari. Olga alizima kioo kwa kofi, kikatikisika chote.

Alimwita Pontien, fundi wa simu wa chumba cha jirani. Alikuja na bisibisi mdomoni, akaketi, akapigapiga. Akaandika mfuatano wa namba badala ya jina, na ghafla ukurasa wao ukatokea, mzima, kama walivyouacha. Majina yote elfu mbili yalikuwa yamekaa pale kimya bila mgeni hata mmoja.

"Unaona? Bintu byote biko," Pontien alisema. "Kompyuta haijue jina, Mama Olga, inajuaka namba. Jina ni ya bantu. Kuko kitabu yenye inasema jina fulani, namba fulani. Sasa muntu amefuta namba yetu mu kitabu, ameweka namba ya hawa wachafu."

"Na kitabu iko kwa nani?"

"Kila inchi inalinda kipande yake. Juu kabisa kuko chama moja ya dunia yote, inaangalia tu majina isigongane. Huku kwetu parcelle moja ya udongo inaweza kuwa na benyewe babili, bakapigana mpaka bajukuu. Kule hapana. Jina moja, mwenyewe moja."

"Basi batumie ile namba yenye umeandika sasa."

"Laure hana ile namba," Mama Laure alisema kutoka pembeni. Walikuwa wamesahau kwamba bado yupo. "Karatasi yake iko na jina."

Mama Laure alifunga kitambaa chake kichwani, akaaga, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi.

Siku hiyo hiyo waliandika barua tatu. Ya kwanza ilikwenda kwa yule wa Bukavu aliyewauzia jina, ya pili kwa wanaolinda daftari la majina ya nchi, na ya tatu, kwa msaada wa mashine ya kutafsiri, kwa ile asasi ya dunia ng'ambo ya bahari. Olga hakuficha kitu. Aliandika habari za lori, za kovu, za kipande cha karatasi mkononi mwa msichana, na za mwanamke anayekonyeza. Aliamini kwamba mahali fulani yuko mtu atakayesoma na kuona haya.

Kufikia Jumatatu iliyofuata majibu yote yalikuwa yamekuja, na hakuna aliyemtukana. Ndiyo maana yalimtia kinyaa zaidi. Yule wa Bukavu alisema anamtambua mwenye jina peke yake, na Olga siye. Wa daftari walisema wamekagua, jina halina hitilafu yoyote, linafanya kazi vizuri kabisa. Wa ng'ambo walikuwa na adabu kuliko wote. Walimshukuru kwa kuwaandikia. Walieleza kwamba kazi yao ni kuratibu majina na namba ili mtandao ubaki mmoja duniani, kwamba hawahukumu kilichomo ndani ya kurasa, na kwamba majina yenye herufi za nchi yanaongozwa na nchi zenyewe. Kwa kawaida, waliongeza, zipo njia za kudai jina kwa mwenye alama ya biashara iliyosajiliwa. Mwisho wakamkaribisha katika mikutano yao, iliyo wazi kwa kila mtu, wa karibuni ukifanyika katika mji ambao Olga hakujua uko nchi gani. Na chini kabisa waliweka nyota tano: umeridhika kiasi gani na jibu letu?

"Alama ya biashara," Olga alisema. "Ngoja niende nibaulize bamama kama machozi yabo iko na marque."

Alitamani kutema mate juu ya zile nyota, ila kioo kilikuwa chake na angekifuta mwenyewe.

"Huyu mwenye jina ni nani?" aliuliza. "Mwizi mwenyewe ni nani?"

Pontien alikuwa amekwisha kumjua tangu asubuhi, ila alikuwa anazungukazunguka tu. Aligeuza kioo. Palikuwa na mistari miwili. Anayehusika na ufundi: Olga. Titulaire, yaani mwenye jina: Cyprien, na mbele yake jina la ukoo linalojulikana mji mzima.

"Hatukuibiwa, Mama Olga," alisema taratibu. "Ni weye uliandikaka."

Ilikuwa kweli. Huku kwetu chama hakizaliwi bila président d'honneur, rais wa heshima. Unaweza kukosa katiba, ukakosa mhuri, ukakosa hata wanachama, lakini mtu mkubwa wa kuwekwa juu ya karatasi hakosi kutafutwa. Kiti chake kinapanguswa vumbi kila mkutano, naye haji. Siku ya kujaza fomu ya jina, kamati nzima ilikaa katika ukumbi wa parokia, na Olga alikuwa amekwisha kuanza kuandika jina la chama pale palipotaka mwenye jina. Mwenyekiti akamkatiza: tukiweka chama hapo, Honorable tutamweka wapi, huku chini pamoja na fundi? Watu wakaguna. Honorable alikuwa ametoa viti vya plastiki hamsini, kila kimoja na jina lake mgongoni, na wakati huohuo kila mmoja pale alikuwa amekikalia kimoja. Olga akafuta. Akaandika CYPRIEN kwa herufi kubwa, mwandiko wake mzuri wa kuandikia mialiko ya arusi. Kamati ikapiga makofi, na yeye pia akapiga.

Honorable Cyprien hakuwa tena mbunge, miaka mingi sasa, ila cheo hicho kikimkaa mtu huku hakibanduki. Alimpokea Olga barazani kwake, kando ya ziwa, amevaa fulana ya ndani, anakula mukeke wa kuchoma. Alikuwa mtu wa kula kwa bidii. Alinyonya kichwa cha samaki, akakitazama, akakinyonya tena, na mafuta yakamteremka hadi kwenye kiwiko.

"Mama Olga! Mutoto wetu wa chama! Kaa, ukule."

Olga hakula. Alieleza shida yake kwa heshima zote, akitegemea kwamba mzee atashangaa, atakasirika, atapiga simu mahali. Mzee hakushangaa hata kidogo.

"Ah, ile! Ile ni location tu. Vijana fulani ya mambo ya pari, ya kamari, walikuja hapa, wakaniambia, Honorable, uko na jina kwenye internet, bantu wengi wanapitaka pale kila siku. Minye sikukumbuka hata kama niko na kitu kama ile. Nikawapangisha."

"Honorable, wale bantu beko wanatafuta batoto babo."

"Njo maana beko wengi," alisema Honorable, akatoa mwiba katikati ya meno.

Olga alimtazama, akatazama ule mwiba. Alijua watu wabaya, nani huku hajawaona? Aliwaona wakiwa na bunduki, na usoni wana kitu, hasira au woga. Huyu hakuwa na kitu. Alikuwa anashiba.

"Turudishie jina yetu, Papa. Tafazali."

"Hakuna neno! Minye si muntu mubaya." Alijipangusa kwa kitambaa. "Lakini wale vijana nimewapa neno langu. Wao wanataka bantu. Ukinyanganya jina, uwape bantu wenyewe. Si uko na fichier ya namba za simu za familia zote? Uwape. Watatuma publicité, matangazo kidogo, siku mbili tatu. Muntu hataki, anakata simu. Iko nini mubaya?"

"Hapana, Honorable. Zile namba balitupatia juu ya batoto babo. Siwezi."

"Basi tungoje location iishe," alisema kwa upole. "Ni mwaka moja tu."

Olga alirudi Kimanga kwa miguu ili apoe, asipoe. Siku mbili alishika msimamo wake. Walitangaza radioni anwani nyingine, wakaipeleka kwenye makundi ya WhatsApp, na Josée akaapa kuibeba safari ijayo, mwisho wa mwezi. Lakini Olga alijua hesabu ya jambo lenyewe. Yule msichana wa kovu hakuwa na redio wala kundi. Alikuwa na kipande cha karatasi, na siku moja mtu angemwazima simu kwa dakika tano, naye angeandika kile kilichoandikwa.

Alhamisi Mama Laure alikuja, na haikuwa siku yake. Hakuomba kufunguliwa mashine. Alikaa kwenye benchi la wateja, viatu vyake mkononi.

"Nimekuya kukuuliza tu, Mama Olga. Akifungua, akaona ule mwanamke, atazania nini?"

"Atajua ni makosa."

"Hapana. Laure si wa kuzania vile. Atazania tulikufa, bantu wengine bakaingia mu nyumba."

Alikunywa chai, akaenda zake. Alasiri Olga alinakili lile faili la namba mia tisa na kitu kwenye flashi, akaibeba mwenyewe hadi ziwani. Tusimpambe. Hakudanganywa, hakulazimishwa, alijua anapeleka nini na kwa nani. Njiani alijiambia kwamba ni siku mbili tatu, kwamba mtu asiyetaka anakata simu, na aliposikia maneno ya Honorable yakitoka kichwani mwake mwenyewe, aliongeza mwendo.

Mzee alijipangusa vidole kabla ya kuipokea flashi. Tena aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu yake, akampigia Pontien kule Kimanga, akamsomea tarakimu za siri zilizotumwa, akabonyeza alipoambiwa abonyeze, na kabla ya jua kushuka jina likawa la chama, limeandikwa chama, na namba yao imerudi kitabuni. Pontien alipiga kelele za furaha. Olga alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, wala hakuwa ameshika samaki.

Jumamosi simu zikaanza. Aliyemsikilizisha ni Mapendo, muuza mikate wa mlangoni, ambaye alikuwa anamtafuta binti wa dada yake. Simu yake iliita, namba ya nje, akabonyeza sauti ya juu.

"Mama!" ilisema sauti ya msichana, sauti nzuri, yenye pumzi ya kukimbia. "Mama, ni minye! Ni minye! Nimeshinda!" Halafu ngoma zikapigwa, na sauti ya mwanaume ikamwambia mama abonyeze moja.

"Toka asubuhi ni mara ya tano," Mapendo alisema. "Kila mara namba ingine. Ile ya kwanza, Mama Olga, nilimwanga mikate yote chini. Nilizania ni yeye. Hawa bantu bametoa namba yangu wapi?"

Olga alisema hajui. Wale vijana hawakuchagua sauti hiyo kwa bahati. Walijua orodha waliyopewa ni ya nani. Mtu fulani alikaa ofisini, akafikiri, akapata wazo, na labda wenzake wakampongeza.

Alimpigia Honorable. "Siku mbili tatu, Mama Olga," alijibiwa, na nyuma ya sauti kulisikika sahani.

Angeweza kuwaambia watu. Angeweza kupita kwa kila mmoja: ni minye nilitoa namba zenu, musamehe, mufanye hivi na hivi. Hakuweza. Aibu ilimziba mdomo, na kila mama aliyekuja kulalamika alimsikiliza kama na yeye haelewi. Jumapili baada ya misa Mama Laure mwenyewe alimpigia kutoka Luvungi.

"Mama Olga, kuko mutoto iko ananiita mu simu. Mara nane. Nikimujibu, anaanza ngoma. Ni nini ile?"

"Ni publicité, Mama Laure. Si muntu. Usisikilize. Kata tu."

"Nikate?"

"Ukate. Hata umutukane, haisikie."

Jumatatu, saa nne asubuhi, ujumbe uliingia kwenye ukurasa. "Mimi Laure wa Luvungi. Nimeona jina yangu. Mama iko?"

Olga alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliuliza maswali yake. Kovu ulilipata wapi? "Kwa mafuta ya mandazi, nyumbani kwa nyanya, Lemera, siku ya Noeli." Mama akikasirika anakuita nani? "Ananiita Madame." Olga alicheka peke yake, machozi yakimdondokea kwenye vitufe, maana hilo Mama Laure alikuwa amemwambia, na hakumwambia mtu mwingine. Akaandika namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu, akaisoma mara tatu kabla ya kuituma.

Hakumpigia Mama Laure. Chama kilikuwa na desturi yake, na ilikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza walimtangazia mzee mmoja kwamba kijana wake amepatikana, mzee akachinja mbuzi, akaita ukoo, kumbe kijana ni mwingine mwenye jina lile lile. Mzee hakupona tena vizuri. Tangu hapo walikubaliana kwamba hakuna kutangaza. Mtu asikie sauti ya mtu wake mwenyewe kwanza, ndipo chama kipige simu kupongeza. Olga aliipenda desturi hiyo kuliko kazi yote. Alimwita Pontien, akamwita Mapendo, wakakaa watatu na chupa moja ya Fanta kungoja simu ya kilio cha furaha kutoka Luvungi. Siku ile alifurahi mno, na furaha ilimfanya asifikiri.

Saa moja ilipita. Ujumbe ukaingia.

"Nimempigia mara tatu. Ananitukana. Simu ya watu narudisha."

Mapendo hakuelewa, akauliza ananitukana vipi, mama gani huyo. Pontien alielewa, kwa kuwa alimtazama Olga, kisha akatazama chini. Olga aliandika haraka: ngoja, usiondoke, si wewe anayekutukana, rudi, andika tena. Maneno yalikaa pale. Hakuna aliyeyasoma. Alipiga namba ya Mama Laure. Imezimwa.

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva Luvungi, na asipunguze mwendo. Njia nzima alitafuta pa kuanzia. Alianza na Honorable, akaona anamlaumu mwingine. Alianza na fomu, akaona ni mbali mno. Walipofika Sange alikuwa amekwisha kukubali kwamba lazima aanze na flashi, na mkono ulioibeba.

Mama Laure alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya mihogo. Alipomwona aliinuka upesi, uso mzima umefunguka, akavuta kigoda.

"Mama Olga! Umefanya vizuri kuniambia. Ile sauti ya mashetani, leo nimeiweza!" Alikuwa anacheka, anapangusa mikono. "Ilinipigia mara tatu. Mbili nikakata. Ya tatu nikaitukana matusi yenye sijatukanaka muntu hata siku moja. Nikaiambia ikufe. Nikazima simu kabisa."

Olga alikuwa amesimama na kigoda mbele yake.

"Na sikia ujanja yake," Mama Laure alisema, akimsogelea ili dereva wa pikipiki asisikie. "Leo haikupiga ngoma. Leo ilikuwa inalia."

Olga alimshika mikono yote miwili, ikiwa bado na maji ya mihogo, akaanza kumwambia.